Mtoto Manusura wa Mauaji ya Kimbari katika Fasihi Inayohusu Rwanda

Watoto walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, kati ya Aprili na Julai 1994, walibaki na kumbukumbu ambazo wengi wao hawakuweza kuzisimulia kwa mpangilio. Unicef ilikadiria kwamba watoto wapatao 95,000 waliachwa yatima. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha kusikiliza kesi za mauaji hayo ilihitaji mahali, tarehe na jina la mtuhumiwa. Mtoto aliyejificha kati ya maiti huenda akakumbuka harufu na sauti tu. Hadithi haimdai tarehe. Humwachia aseme anachoweza, na kunyamaza anaposhindwa.

Mwaka 1998 tamasha la Fest'Africa la mjini Lille, Ufaransa, liliwapeleka Rwanda waandishi kadhaa wa Kiafrika ili waandike juu ya yaliyotokea. Miongoni mwa vitabu vilivyozaliwa na safari hiyo ni L'Aîné des orphelins (2000) cha Tierno Monénembo wa Guinea. Msimulizi wake, Faustin, ana miaka 15 na amehukumiwa kifo kwa kumuua rafiki yake baada ya vita. Anazungumzia gereza, mitaa ya Kigali na watoto wenzake wasio na makwao, tena kwa ukali na matusi, lakini kila anapokaribia siku ya mauaji kijijini kwao Nyamata hubadilisha habari. Siku hiyo huja katika kurasa za mwisho kabisa: anaelezwa kwamba aliokotwa akiwa amemng'ang'ania mama yake aliyekufa, akinyonya. Mpangilio huo ndio uzito wa riwaya, kwa kuwa msomaji hupitia kukwepa kulekule kwa kijana. Monénembo pia alikataa kumfanya manusura malaika, na hapo ndipo anapowazidi wengi.

Uwem Akpan wa Nigeria, katika hadithi fupi iliyotoka mwaka 2006, alimchagua Monique, msichana wa miaka tisa, mwenye baba Mhutu na mama Mtutsi. Mtoto huyu huona mambo kabla ya kuyaelewa. Msomaji mzima hujua kilichofichwa darini mapema kuliko yeye, na pengo hilo ndilo linalotisha, hadi baba anapolazimishwa na jamaa zake kumuua mkewe mbele ya binti.

Katika Petit Pays (2016) Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, alimweka mtoto mbali kidogo na panga. Gabriel yuko Burundi. Mauaji humfikia kupitia mama yake, aliyekwenda Rwanda kutafuta ndugu na kurudi akiwa si yule tena. Usiku mama humsimulia binti yake mdogo, Ana, jinsi alivyozikuta maiti za watoto wa jamaa yake. Hivyo masimulizi yenyewe yanaweza kumjeruhi mtoto ambaye hakuwapo.

Mwandishi Beata Umubyeyi Mairesse, aliyezaliwa Butare mwaka 1979, ni manusura mwenyewe: alitolewa Rwanda pamoja na mama yake Juni 1994 katika msafara wa shirika la Terre des Hommes uliokuwa ukiwahamisha watoto. Alianza kwa hadithi fupi, kisha riwaya mwaka 2019. Habari yake mwenyewe, bila wahusika wa kubuni, aliitoa mwaka 2024 katika Le Convoi, baada ya kuwatafuta kwa miaka wanahabari waliopiga picha za msafara huo pamoja na watoto wenzake waliokuwamo.