Mpambaji wa harusi

Mpambaji wa harusi ni mtu au kampuni inayolipwa kupamba mahali pa sherehe ya ndoa kwa maua, vitambaa, taa na vifaa vingine. Nchini Tanzania kazi hiyo kwa kawaida inajumuisha ukumbi, jukwaa la maharusi, meza, gari, shada la bibi harusi na ua la koti la bwana harusi. Katika miji mikubwa wako wauza maua wasiofanya kazi nyingine, lakini katika miji midogo mpambaji mmoja huuza maua, hukodisha viti na hata kuoka keki.

Maua yanayotumika

Katika pwani ya Waswahili maua ya harusi yalithaminiwa hasa kwa harufu yake. Asumini, ambayo hufunguka jioni, huunganishwa na mrehani na waridi kutengeneza kikuba, kishada kidogo ambacho wanawake hukivaa. Malango hupambwa kwa makuti ya minazi. Mapambo hayo hutoka karibu na nyumbani na hutumika siku ileile.

Maua ya kukatwa yanayouzwa mijini, hasa waridi, hulimwa zaidi katika maeneo yenye baridi ya nyanda za juu, kama vile Arusha na Kilimanjaro, na Naivasha nchini Kenya. Kwa kuwa hunyauka haraka kwenye joto, huhifadhiwa katika baridi na huwekwa majini hadi yatumike. Kwa sababu hiyo maua bandia ya kitambaa na plastiki yameenea sana: hayanyauki, na mpambaji anaweza kuyatumia katika harusi nyingi.

Hali ya miji ya mbali

Nambambo ni kata ya Wilaya ya Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, jirani na Wilaya ya Ruangwa. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Waridi kutoka Arusha linalopelekwa huko husafiri umbali mkubwa zaidi, na likikaa juani ndani ya basi linaweza kufika limeharibika. Basi likichelewa, hakuna duka la jirani la kuziba pengo.

Familia nyingi za eneo hilo hutegemea mazao ya biashara kama korosho na ufuta. Sherehe nyingi hufanyika baada ya mauzo ya mazao, kwa hiyo wapambaji wachache waliopo hutakiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Anayechelewa kuweka nafasi hulazimika kumwita mpambaji kutoka Masasi, Lindi au Mtwara, na kulipia usafiri na malazi yake.

Njia mojawapo ya kupunguza hatari ni kuchanganya: maua bandia kwa ukumbi, majani na maua ya bustani za jirani, kama bogenvilia, kwa malango na meza, na maua halisi machache kwa shada la bibi harusi peke yake.

Kuchagua mpambaji

Gharama ya mapambo mara nyingi hulipwa kwa michango ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, inayokusanywa na kamati ya harusi. Fedha hiyo ikipotea, aibu huwafikia wengi. Kwa hiyo kamati huanza kwa kujua kiasi kilichopatikana mkononi, si kilichoahidiwa, kisha hulinganisha bei za wapambaji wawili au watatu kwa kazi ileile.

Picha peke yake hazitoshi, kwa kuwa zinaweza kuwa za kazi ya mtu mwingine. Njia bora ni kutazama ukumbi aliopamba na kuzungumza na familia aliyoihudumia. Mambo ya kuulizwa ni haya:

- kama ana kazi nyingine siku hiyo;
- maua yapi ni halisi na yapi ni bandia;
- vifaa ni vyake au anavikodi;
- nani anagharimia usafiri na vifaa vitakavyovunjika;
- saa ya kumaliza kupamba na saa ya kuondoa vifaa;
- atafanya nini umeme ukikatika.

Mkataba na malipo

Nchini Tanzania makubaliano haya yanaongozwa na Sheria ya Mikataba (Sura ya 345). Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Maandishi ya ukurasa mmoja yanatosha: tarehe, mahali, orodha ya vitu, bei, awamu za malipo, na kinachofuata sherehe ikiahirishwa. Kwa kuwa kamati ya harusi kwa kawaida haijasajiliwa, anayetia saini anaweza kudaiwa yeye mwenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Ni busara tarehe ithibitishwe na mfungishaji ndoa kabla ya kulipa malipo ya awali. Kiasi kinachobaki hulipwa kwa awamu, na sehemu ya mwisho baada ya kuukagua ukumbi uliopambwa. Risiti au ujumbe wa malipo ya simu hutunzwa, kwa kuwa ndio ushahidi iwapo madai yatafikishwa Mahakama ya Mwanzo.