Kopo la kunasia oili: injini yako ya tabo inapumua nini?

Tangu tufanye kipindi cha magari, swali moja haliishi: "Nina gari la tabo, nifunge kopo la kunasia oili au niache?" Wengi wenu mmeshaliona kwenye video. Kikopo cha alumini, mipira miwili, na jamaa anamwaga uchafu mweusi huku anatikisa kichwa. Mimi langu nimelifunga mwaka jana kwenye hachibaki yangu ya lita 1.6, hapa Uingereza, na nalifungua mara kwa mara kuangalia. Jibu fupi: linasaidia, lakini sio kila gari linalihitaji, na likifungwa vibaya linaleta balaa ambalo gari halikuwa nalo.

Jibu refu ndo hili.

Uchafu unatoka wapi

Kila petroli inapolipuka ndani ya silinda, gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka chini, kule krenki inakozungukia. Hata injini mpya inavujisha hivyo. Gesi hiyo ina mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua, na masizi. Huko chini inakutana na oili inayorushwa huku na huku, inabeba matone madogo madogo, inakuwa kama ukungu.

Ukungu huo lazima utoke. Ukibaki, presha inapanda na oili inatafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye gasketi, hata kwenye dipstiki. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu la kuutupa barabarani. Kisha ukaja moshi mzito wa Los Angeles, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ikawa ya kwanza Marekani kudai mfumo wa PCV. Badala ya kuitupa, injini inavuta ile hewa chafu yake yenyewe na kuichoma upya. Gari lako la leo linafanya hivyo hivyo.

Kwa nini tabo ni kesi tofauti

Gari lisilo na tabo lina njia moja kuu: manifoldi inavuta, ukungu unakwenda. Gari la tabo lina njia mbili. Ukiwa kwenye foleni au unakwenda taratibu, manifoldi inavuta kama kawaida. Ukikanyaga mafuta, tabo inajaza presha kwenye ile ile manifoldi, na valvu ndogo ya njia moja inajifunga ili presha isirudi chini kwenye krenki. Hapo ukungu unapita njia ya pili, unaingia kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Kwa hiyo oili inapita ndani ya tabo yenyewe, inapaka kuta za intakula, halafu ndo inafika kwenye silinda. Oili kwenye mchanganyiko inafanya petroli iwe rahisi kujilipukia kabla ya wakati, na injini ikaanza kugonga.

Tatizo kubwa zaidi lipo kwenye injini ambazo nozeli zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zamani petroli ilipulizwa nyuma ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo ilikuwa inaziosha kila sekunde. Sasa hakuna kinachoziosha. Oili inaganda juu ya valvu ya moto, inaungua, inakuwa kaboni ngumu. Asubuhi ya baridi gari linatetemeka, linapoteza nguvu, linakula mafuta. Kulisafisha kunataka kung'oa manifoldi na kupuliza unga wa maganda ya jozi, zile kokwa ngumu zinazouzwa hapa wakati wa Krismasi. Ni kazi ya saa kadhaa, na bili yake si ndogo.

Ndo maana usinunue kabla ya kujua injini yako ni ya aina gani. Golf GTI ya Mk7 iliyouzwa Ulaya ina nozeli za aina zote mbili, ya Marekani ina za moja kwa moja tu. Toyota nao wana mfumo wao wa D-4S wenye nozeli mbilimbili. Injini za namna hiyo zinajiosha, na haja ya kopo inapungua sana.

Swali la mjomba

Mjomba wangu ana gereji Dar es Salaam. Nilimpigia nimwonyeshe kopo kwenye simu, nikitegemea atalisifu. Akaniuliza: "Mjomba, ringi zako umezipima?"

Hoja yake ni hii. Kopo linapokea kinachovuja, halizuii kuvuja. Kama ringi zimekwisha, unaweka ndoo chini ya paa linalovuja na kusema nyumba imepona. Akanipa kipimo chake cha haraka: injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu bila kukaza. Kikitulia au kikivutwa kidogo, vizuri. Kikirukaruka na moshi unasukuma kwa nguvu, peleka gari likapimwe kompresheni kabla ya kutumia hela kwenye vikopo. Changu kilitulia, nikaendelea.

Kufunga

Fanya kazi injini ikiwa imepoa. Kabla ya kugusa kitu, fuata mipira kwa kidole na upige picha. Ujue upi unatoka kwenye krenki na upi unakwenda kwenye manifoldi. Wengi wanaanza na njia hiyo ya manifoldi, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi muda mwingi ukiendesha mjini.

Kopo lenyewe liwe na vizuizi au wavu ndani. Ukungu ukigonga pale, unapoa na kugeuka matone. Makopo ya bei rahisi mengi ni matupu ndani: hewa inaingia huku, inatokea kule, na oili yake.

Mipira iwe ya kuhimili oili, sio ile ya maji ya hita, ambayo italainika na kubonyea. Upana wake wa ndani usiwe mdogo kuliko ya kiwandani. Ukiubana, unarudisha presha chini. Usiache mkunjo. Kopo lifunge kwenye bodi ya gari, mbali na tabo na ekzosi, mahali ambapo mkono unafika. Ile valvu ya njia moja ibaki, na iangalie upande wake ule ule.

Halafu kuna wale wanaoweka kifilta kidogo juu ya kopo na kuliacha wazi. Usifanye. Manifoldi itavuta hewa ambayo kompyuta ya gari haikuihesabu, taa ya injini itawaka, na utanuka oili ndani ya gari. Tena unavunja mfumo wa kuzuia moshi, jambo linaloweza kukuletea matatizo kwenye MOT. Mkiwa California, tafuteni kopo lenye namba ya kibali cha jimbo. Na hapa Uingereza, mwambie mtu wa bima. Kopo ni badiliko la gari, na badiliko usilolitaja linaweza kuwa sababu ya kukataa kukulipa siku ya ajali.

Kulitunza

Hapa ndo watu wanaanguka. Kopo likijaa, oili inavutwa yote kwa mkupuo kuingia kwenye injini. Angalia baada ya maili 300 za kwanza, halafu ujipangie kutokana na ulichokikuta. Langu kiangazi linatoa kijiko au viwili. Kipupwe, na safari zangu fupi za kazini, nilipata karibu kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, ndani ya maili 1,000. Rangi kama maziwa ya chai, na harufu ya petroli.

Rangi hiyo isikutishe peke yake: ni maji ya mvuke yaliyochanganyika na oili, kawaida ya baridi. Ila kama maji ya rejeta nayo yanapungua, hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi, mtafute fundi. Usiku wa barafu maji hayo yanaweza kuganda na kuziba njia, presha ikapanda kule chini. Kwa hiyo Desemba mpaka Februari mimi namwaga kila wiki mbili. Uchafu naupeleka kituo cha taka cha kaunsili, kwenye tangi la oili chakavu. Usimwage kwenye mtaro.

Na usitegemee kopo lisafishe kaboni iliyokwisha kuganda. Gari lenye maili 80,000, safisha valvu kwanza, kisha funga.

Nimempigia mjomba tena juzi, nimemwonyesha kikombe. Akacheka: "Haya, sasa mwaga." Kama nyumbani kwenu kuna fundi mwenye jina jingine la kidude hiki, tutumieni sauti. Tutazicheza kwenye kipindi kijacho.