Chora Hesabu Kila Mtu Aione

Vikundi vyetu vya mwethya, Kitui na Makueni, vina hesabu nyingi: michango, debe za ndengu, mitungi ya maji. Nyingi hulala katika daftari la mwandishi. Siku ya mkutano zinasomwa haraka haraka, tunapiga makofi, halafu wachache wanaamua. Asiyeona hesabu atauliza nini? Basi chukueni karatasi ya manila, mchore. Lakini mchoro gani? Inategemea swali lenu.

1. Kipi kimezidi? Choreni nguzo.
Tuseme mna visima vitatu na pesa za kutengeneza kimoja. Akina mama hungoja saa 1 cha kwanza, saa 2 cha pili, saa 4 cha tatu. Choreni nguzo tatu, na kila saa iwe na urefu wa kibiriti kimoja. Jicho litajibu lenyewe. Ila nguzo zote zianzie sufuri! Mnunuzi mmoja akitoa shilingi 80 kwa kilo ya ndengu na mwingine 90, mkianzia 70 nguzo ya pili itaonekana mara mbili ya ya kwanza. Huo ni udanganyifu, hata kama tarakimu ni za kweli.

2. Inapanda au inashuka? Choreni mstari.
William Playfair wa Uskoti alichapisha grafu za namna hii mwaka 1786, na bado zinafaa. Andikeni bei ya ndengu kila mwezi, muone inavyokwenda wakati wa mavuno na baadaye. Hapo mtajua kama inafaa kuuza sasa au kuweka ghalani. Fanyeni vivyo hivyo kwa mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Mwezi usiopimwa uachwe wazi, msibahatishe.

3. Fungu gani la jumla? Choreni duara.
Ni kama kukata chapati: nusu mikopo, robo karo, robo matibabu. Vipande vikizidi vitano, rudini kwa nguzo. Tena andikeni jumla chini, kwa sababu nusu ya 10,000 si sawa na nusu ya 4,000.

Na wasiojua kusoma? Pangeni mbegu chini, kila mbegu saa moja au debe moja. Lakini zote ziwe za aina moja. Safu ya maharagwe itaonekana ndefu kuliko ya ndengu, hata idadi ikiwa sawa.

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wananchi tunaitwa kutoa maoni juu ya bajeti. Kikundi chenye mchoro wazi, wenye kichwa, tarehe na kipimo, hakiendi mikono mitupu.

Maswali ya kujadili:
– Ni hesabu gani yetu ambayo wanachama wengi hawajawahi kuiona?
– Kabla ya kupiga kura, je, nyanya asiyesoma anaweza kutueleza mchoro huu? Akishindwa, tuuchore upya.