Sanduku la pikipiki: Kabla hujamlipa fundi, soma haya

Simama kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi Ijumaa jioni, utayaona masanduku ya kila namna yakipita juu ya pikipiki. Kuna la kijana wa kupeleka vyakula, limefungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Kuna la mchuuzi wa samaki, linachuruza maji ya barafu. Na siku hizi kuna zile pikipiki kubwa za safari, zenye masanduku matatu magumu, mawili ubavuni na moja nyuma, zikielekea Watamu au Mokowe, ambako mwenyewe ataiacha pikipiki na kuvuka kwa boti hadi Lamu.

Mtindo huo wa masanduku ya alumini ulipata umaarufu mkubwa baada ya waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman kuzunguka dunia kwa pikipiki katika filamu za Long Way Round, mwaka 2004, kisha Long Way Down, mwaka 2007, waliposhuka kutoka Scotland hadi Cape Town na kupitia hapa Kenya. Waliotazama waliyatamani masanduku. Wachache walijiuliza yamefungwa vipi.

Mimi nimeandika haya kwa sababu ya mguu wa rafiki yangu. Alikuwa na masanduku mapya ya ubavuni, amejaza vitu vya safari ya siku tatu. Akaacha lami nyuma ya Malindi, akaingia njia ya mchanga. Gurudumu la mbele likazama, pikipiki ikalala upande, naye akateremsha mguu kujizuia, kama tufanyavyo sote. Pikipiki ikaendelea kusonga, mguu ukabaki nyuma, sanduku likaja likaukanyaga. Kifundo kilivunjika. Alikaa na plasta wiki sita. Tulipoikagua pikipiki baadaye, tukakuta na la pili: pale fundi alipochomelea keria kwenye fremu, palikuwa na ufa.

Mambo yote mawili yangeepukika kwa saa moja ya kufikiri kabla ya kununua.

Sanduku gumu au begi laini?

Swali la kwanza ni njia unazopita, bei inakuja baadaye. Ikiwa safari zako ni lami, Mombasa hadi Voi, Kilifi, Malindi, au hata Garsen hadi Lamu ambako siku hizi ni lami, sanduku gumu lina faida kubwa. Linafungwa kwa ufunguo, linazuia mvua, na ukisimama kula huna haja ya kumwachia mtu mzigo wako.

Lakini ikiwa utakuwa kwenye mchanga, makorongo na njia za ng'ombe, ambako kuanguka si ajabu, begi laini la turubai nzito ni salama zaidi. Likikugusa mguu linabonyea. Sanduku la alumini halibonyei, linabonyeza. Anayetaka yote mawili aweke sanduku moja dogo nyuma kwa vitu vya thamani na mabegi laini ubavuni.

Plastiki au alumini?

Sanduku la plastiki ngumu ni jepesi, halishiki kutu, na likigonga ukuta hurudi umbo lake. Ubaya wake, likipasuka ni shida kulirekebisha njiani, na jua la pwani kwa miaka hulifanya likauke na kupauka.

Alumini ni nzito kidogo na ghali, lakini ikikunjika utainyoosha kwa nyundo na kipande cha mbao. Mengi hufunguka juu, kwa hiyo unatoa kitu bila vingine kumwagika. Mengi ya plastiki hufunguka ubavuni kama mkoba, na usipokuwa mwangalifu nguo zote ziko chini.

Lipo pia la tatu, la bati au chuma linalotengenezwa na mafundi wetu wa jua kali. Si baya, na kwa mwenye bodaboda ndilo analoweza kumudu. Kosa kubwa ni uzito. Sanduku lenye kilo 10 likiwa tupu limeshakula nafasi yote ya mzigo. Ukimwendea fundi, mwambie atumie bati jembamba lenye mikunjo ya kulipa nguvu, na pembe zake ziwe za mviringo. Pembe kali hukata mguu wa abiria.

Chochote utakachochagua, angalia mpira wa kuziba kwenye kifuniko. Sanduku likienda kasi hewa ya nyuma huvuta vumbi ndani kupitia kila upenyo, na vumbi jekundu la Tsavo halina haya. Mpira uwe mzima, usio na maungio yaliyoachana.

Hesabu ya kilo

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji na fundi watakuambia "hilo linabeba tu, usijali." Hawataliendesha wao.

Kila pikipiki ina kiwango cha uzito wote inaoruhusiwa kubeba, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Tuseme ni kilo 180. Wewe una kilo 80. Helmeti, buti na koti, kilo 8. Keria za chuma, kilo 8. Masanduku matatu matupu, kilo 5 kila moja, ni 15. Tumefika 111, zimebaki 69. Sasa mpakie mkeo mwenye kilo 65. Umebakiwa na kilo 4, na hujaweka hata chupa ya maji. Fanya hesabu hii kwa pikipiki yako kabla ya kwenda dukani. Wengi wakiifanya, sanduku la tatu wanaliacha.

Sanduku lenyewe pia lina kikomo chake, na mara nyingi kimebandikwa ndani ya kifuniko. Masanduku mengi ya ubavuni huwekewa kiwango cha karibu kilo 10 kila moja. Keria ya nyuma ya pikipiki nyingi huruhusiwa chini ya hapo. Kuwa sanduku lina nafasi ya lita 45 haina maana limeruhusiwa kujazwa mawe.

Uzito ukae wapi?

Hapa ndipo penye siri ya safari nzuri. Mzigo mzito ukae chini na mbele, karibu na mwili wa dereva. Spana, maji na vyakula vya kopo viwe sakafuni mwa masanduku ya ubavuni. La nyuma liwe la vitu vyepesi: koti la mvua, nguo, mkate.

Sababu yake ni hii. Sanduku la nyuma huwa limepita ekseli ya gurudumu la nyuma. Kila kilo unayoiweka pale inaliinua gurudumu la mbele, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Gurudumu la mbele likipungukiwa na uzito, usukani unakuwa mwepesi, na ukifika mwendo wa kasi, au upepo wa lori ukikupiga, pikipiki inaanza kuyumba yenyewe. Ikikutokea hivyo usikanyage breki kwa ghafla. Achia mafuta taratibu, shika usukani bila kuukaba, hadi mwendo upungue.

Pande mbili zilingane uzito. Pima kwa mizani ya dukani, kila upande peke yake. Kisha kaza springi za nyuma na ongeza upepo wa tairi kama kitabu kinavyosema kwa mzigo kamili. Usipofanya hivyo, mkia unalala, na taa ya mbele inawamulika machoni wanaokuja.

Keria: roho ya kazi yote

Sanduku zuri kwenye keria mbovu ni pesa iliyotupwa. Mambo ya kusimamia ni haya.

Kwanza, usiruhusu kuchomelea kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma pale pale unapopita, na kando ya mshono ndipo ufa huanzia mtikisiko ukizidi. Keria ishikwe kwa bolti kwenye matundu yaliyotengenezwa na kiwanda: ya kikanyagio cha abiria, ya mshikio wa nyuma, ya keria ya asili. Ikibidi kuchomelea keria yenyewe, itoeni kwanza kwenye pikipiki. Na kama haiwezekani kuitoa, angalau betri itenganishwe, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza kompyuta ya injini za kisasa.

Pili, kila upande ushikwe sehemu tatu, si mbili. Sehemu mbili ni bawaba, kitu kitacheza tu. Kisha keria ya kushoto na ya kulia ziunganishwe kwa bomba moja linalopita nyuma ya namba ya usajili. Bomba hilo dogo, ambalo mafundi wengi hulisahau, ndilo linalozuia masanduku kupepea kama masikio ya ndovu kwenye matuta.

Tatu, pima nafasi. Mkalishe abiria, miguu yake isiguse sanduku. Kaa wewe mwenyewe, teremsha mguu na usukume pikipiki mbele na nyuma, uone kama sanduku linakufuata muundini. Likikugusa, lisogeze nyuma kidogo, hata kama utapoteza sentimita chache za uwiano. Hapo ndipo mguu wa rafiki yangu ulipopotelea. Likae mbali na bomba la moshi, na kama ni plastiki, weka kipande cha bati katikati cha kukinga joto. Taa ya nyuma, indiketa na namba vyote vionekane.

Nne, pima upana. Bomba la moshi husukuma sanduku la upande mmoja nje, na ghafla pikipiki ina mita moja. Pima upana wa usukani, kisha wa masanduku. Mkia ukiwa mpana kuliko usukani, kumbuka kila unapotaka kupenya kati ya tuktuk mbili pale Buxton: kichwa kikipita, mkia huenda usipite.

Kufunga bolti

Zitie bolti zote kwanza bila kukaza, ili keria ijikalie yenyewe. Anayekaza moja moja tangu mwanzo atajikuta analivuta la mwisho kwa nguvu, na chuma kilichovutwa hukatika. Zikishakaa, kaza kidogo kidogo kwa kuzunguka. Bolti ya kawaida ya milimita 6 inatosha kwa nyutoni mita 10 hivi, ya milimita 8 kwa 25 hivi. Kama kitabu kinasema vingine, fuata kitabu.

Tumia nati zenye plastiki ndani, au gundi ya bolti ile ya samawati, ambayo bado hufunguka kwa spana. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Asubuhi ukiangalia mstari umeachana, unajua nati imetembea, bila hata kushika spana.

Ukitoboa sanduku la plastiki, ndani weka kipande cha bati au washa pana. Bolti tupu itapenya kama sindano kwenye tambi. Tundu lizibwe kwa silikoni.

Adui wetu ni chumvi

Alumini ikigusana na chuma, na hapo pakawa na unyevu wa chumvi, alumini huanza kuliwa. Utaona unga mweupe pembeni mwa bolti, kisha bolti haifunguki tena. Weka washa ya plastiki kati ya hivyo viwili, paka grisi kwenye shina la bolti usiyoitia gundi, na osha kwa maji baridi ukitoka ufukweni au Gongoni kwenye mashamba ya chumvi.

Mchuuzi wa samaki, haya ni yako zaidi. Maji ya barafu ya samaki ni maji ya chumvi. Yakichuruza kwenye cheni na breki ya nyuma, ndani ya miezi michache utanunua vyote. Toboa tundu moja chini ya sanduku, tia mpira mrefu, maji yamwagike chini nyuma ya gurudumu.

Kabla ya safari

Usiende Lamu na keria ya jana. Jaza masanduku mifuko ya mchanga yenye uzito ule ule utakaobeba, zunguka kilomita 10 mtaani kwenye matuta na mashimo, urudi ukaze. Kaza tena baada ya kilomita 50, na kila unapojaza mafuta pitisha mkono tu, utikise. Mkono utasikia kabla jicho halijaona.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda, neno moja. Sheria inakuruhusu abiria mmoja. Sanduku kubwa nyuma yake humsukuma akukalie mgongoni, nawe unasogea juu ya tangi na kushindwa kukata kona. Sanduku liwe dogo, au siku ya mzigo iwe siku ya mzigo.

Rafiki yangu amerudi barabarani. Masanduku anayo bado, keria imefungwa kwa bolti, na njia ya mchanga anakwenda na begi la turubai. Anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Fundi aliyemchomelea bado anachomelea wengine, kwa hiyo ukienda kwake, nenda na haya mkononi.