Mkutano wa Ndege wa Oshkosh na Viwanja Vyetu vya Nyasi

Kamati ya parokia inapoletewa ombi la kumgharimia rubani au fundi wa ndege kwenda Oshkosh, swali la kwanza huwa lilelile: hii ni kazi au ni matembezi? Ni swali la haki. Fedha za safari hiyo zingeweza kununua mafuta ya kumfuata mama mjamzito aliyekwama ng'ambo ya mto. Hivyo ni vizuri wajumbe na wafadhili wetu wakaelewa mkutano wenyewe ni nini.

Oshkosh ni mji mdogo kando ya ziwa Winnebago, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, chama cha marubani na watengenezaji wa ndege kiitwacho EAA hufanya mkutano wa wiki nzima katika kiwanja cha Wittman. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny pamoja na wenzake wa Milwaukee, watu waliokuwa wakijiundia ndege kwenye magereji ya nyumba zao. Mkutano ulihamia Rockford mwaka 1959, kisha Oshkosh mwaka 1970, na tangu mwaka 1998 unaitwa AirVenture. Mwaka 2020 haukufanyika kwa sababu ya korona. Mwaka 2024 waandaaji walitaja mahudhurio yapatayo 686,000, na ndege zaidi ya 10,000 zilizofika hapo na katika viwanja vya jirani. Wengi hulala kwenye mahema chini ya mabawa ya ndege zao, na kazi nyingi za uwanjani hufanywa na maelfu ya watu wanaojitolea bila mshahara.

Jambo linalowashangaza wageni kuliko michezo ya angani ni namna ndege hizo zinavyoingia. Kwa kawaida rubani huzungumza na mwongoza ndege kwa redio, akajibiwa, naye akarudia alichoambiwa. Kwa ndege elfu kadhaa jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo Mamlaka ya Anga ya Marekani huchapisha utaratibu maalumu ambao kila rubani hutakiwa kuusoma kabla ya kuondoka kwake. Ndege ndogo hukutana juu ya mji wa Ripon, zikajipanga mstari mmoja kufuata njia ya reli, kwa mwendo wa noti 90, yaani karibu kilomita 167 kwa saa, kila moja ikiwa nusu maili nyuma ya mwenzake. Kwenye kijiji cha Fisk waongoza ndege hukaa chini na darubini, wakiitambua kila ndege kwa rangi na umbo. Rubani hajibu kwa maneno. Anaambiwa atikise mabawa. Akitikisa, imeeleweka, na anaelekezwa njia ya kutua. Njia hiyo imepakwa alama kubwa za rangi, ili ndege mbili au zaidi ziweze kutua juu yake kwa wakati mmoja, kila moja kwenye alama yake. Nidhamu ya watu wengi kiasi hicho, kila mmoja akiwa amesoma waraka uleule, kwa maoni yangu inamfundisha rubani kijana kuliko maonyesho yote ya jioni.

Kwa fundi faida iko kwenye mahema ya mafunzo. Humo hufundishwa kuchomelea, kukunja na kupigilia bati la bawa, kufunika ndege kwa kitambaa, kukagua injini. Mtu anashika nyundo mwenyewe. Watengenezaji wa injini na vyombo nao huwapo, na swali ambalo kwa barua huchukua miezi hujibiwa papo kwa papo. Mashirika ya urubani wa kimisheni, MAF likiwamo, huweka meza zao huko kutafuta marubani na marafiki.

Lakini hapa ndipo kamati ziwe macho. Kiwanja cha Oshkosh kiko chini ya mita 250 kutoka usawa wa bahari. Haydom, ambako ndege za misheni zimehudumia hospitali kwa miaka mingi, ni zaidi ya mita 1,600. Juu hivyo hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi: injini ya kawaida hupungukiwa nguvu, panga hushika hewa kidogo, mabawa hubeba kidogo. Ndege inayoinuka upesi Oshkosh ikiwa na mtu mmoja, huenda Haydom ikahitaji njia ndefu zaidi ikiwa na mgonjwa, muuguzi na machela. Mjumbe anayerudi na karatasi za matangazo aulizwe kwanza: takwimu hizi ni za mwinuko gani, joto gani na uzito gani?

Swali la pili ni mafuta. Ndege ndogo kama Cessna 206 hutumia petroli ya ndege, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika ni adimu na ghali. Injini ya tabo hutumia mafuta ya jeti, aina ya mafuta ya taa yanayopatikana kwenye viwanja vikubwa vyote. Ndiyo maana misheni zilielekea kwenye Cessna Caravan, na baadaye Kodiak, ndege iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kufikiria viwanja vya misheni. Iliruka mara ya kwanza mwaka 2004 na kupata cheti cha Marekani mwaka 2007. Bei yake ya kununua ni kubwa mno kulinganisha na ya 206, na hilo wafadhili walijue mapema.

Neno kwa wafadhili wenye moyo wa kutoa ndege. Ndege za kujiundia, ambazo ndizo fahari ya Oshkosh, nchini Marekani haziruhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Usifikiri zitapokelewa huku kwa kazi hiyo. Vilevile kuna soko la vipuri vya rejareja. Bei huvutia, lakini kipuri kisicho na hati ya ukaguzi hakifungwi kwenye ndege ya wagonjwa, hata kiking'aa namna gani. Fundi aliyetumwa apewe orodha ya vipuri pamoja na namba zake, na arudi na hati za kila kimoja.

Ombi likija, liletwe mapema, kwa sababu miadi ya viza ya Marekani yaweza kuchukua miezi. Litaje mafunzo gani yatahudhuriwa na nani atafundishwa baada ya mjumbe kurudi. Na kamati yenye kiwanja ipime kwanza nyasi zake, vichuguu na njia ya mbuzi, maana hivyo havingoji mwezi wa Julai.