Ukoka wa Nyumbani Haunyolewi Upara

Asubuhi ya Jumapili, katika mitaa mingi ya miji yetu, husikika mlio wa fyekeo. Mfanyakazi aliyeshinda wiki nzima kiwandani au ofisini huufyeka ukoka wa mbele ya nyumba yake mpaka udongo ukaonekana. Hudhani kwamba akikata chini kabisa, atapumzika siku nyingi kabla ya kuirudia kazi hiyo. Kumbe anajiongezea kazi, na pengine anaihatarisha nyumba yenyewe.

Jani ndilo jiko la mmea. Humo mwanga wa jua, hewa na maji hugeuzwa kuwa chakula. Ukoka ulionyolewa upara hulazimika kula akiba yake ili uchipue upya. Mizizi hudumaa, na magugu hupata nafasi ya kuota. Kisha huja masika. Mvua huipiga ardhi iliyo wazi, udongo huchukuliwa na maji, na msingi wa nyumba hubaki nje.

Kanuni ni nyepesi: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukitaka ukoka wa sentimita 4, ukate ufikapo sentimita 6. Iwapo umerefuka mno, upunguze kidogo kidogo, ukiupumzisha siku chache kila mara. Wakati wa mvua hukua upesi, hivyo ukatwe mara kwa mara. Kiangazi uachwe mrefu zaidi, maana jani hukinga udongo usikauke. Chini ya mwembe pia uachwe mrefu, kwa kuwa ukoka haupendi kivuli.

Wapo watakaosema kwamba majani huficha nyoka. Hofu hiyo ni ya haki kwa majani yafikayo magotini, lakini ukoka unaokatwa kwa wakati wake si kichaka.

Noa fyekeo kwa tupa kabla ya kuanza. Makali butu huchanachana jani, na ncha zake hugeuka rangi ya kahawia. Ngoja umande ukauke, kwani majani mabichi kwa maji hulala na miguu huteleza. Okota mawe na vigae vya chupa, na watoto wakae mbali: jiwe dogo lililorushwa na fyekeo laweza kumpofusha mtoto. Mwenye mashine aizime kabisa kabla ya kukigusa kisu chake. Ikiwa ni ya umeme, achomoe waya.

Vipande vifupi vilivyokatwa usivichome moto. Viache palepale, vioze na kuurudishia udongo rutuba. Vilivyo virefu virundikwe pembeni viwe mboji ya bustani ya mchicha.

Haraka haraka haina baraka. Ukoka uliokatwa kwa kiasi huwapa watoto mahali pa kuchezea, na mvua inaponyesha, udongo hubaki penye nyumba.