Paa la Rangi ya Chungwa

Dereva wa masafa marefu hachagui hoteli kwa sifa za mpishi. Huchagua pale ambapo ana hakika tumbo halitamgeuka kabla hajafika mizani ya Mariakani. Nimeendesha lori kati ya Mombasa na Malaba sehemu kubwa ya umri wangu, na somo hilo nililipata nikiwa bado utingo. Mtito Andei kuna hoteli unazipita mbio, na kuna zile unazosimama hata kama huna njaa sana, kwa kuwa mchuzi wa leo ni ule ule wa mwezi jana na maji ya kunawa yapo.

Kwa hiyo nilipokwenda kumtembelea binti yangu Massachusetts, nikawasikia wazee wa huko wakiitaja Howard Johnson's kama watu wanavyomtaja marehemu, sikuhitaji kufafanuliwa sana. Ilikuwa mikahawa ya kando ya barabara kuu. Katika miaka yake mizuri ilizidi elfu moja, na karibu kila mmoja ulikuwa na paa la rangi ya chungwa. Kwa kifupi waliiita HoJo's. Leo haupo hata mmoja.

Mwenyewe, Howard Deering Johnson, alianzia Wollaston, kitongoji cha mji wa Quincy, kusini kidogo mwa Boston. Mwaka 1925 alikopa dola 2,000 akachukua duka dogo la dawa lililouza pia magazeti na vinywaji vya soda. Aligundua kwamba kaunta ya soda ndiyo iliyokuwa ikiingiza pesa, akaanza kutengeneza aiskrimu yake, akiijaza mafuta ya maziwa kupita ya wenzake. Ikapendwa. Akaweka vibanda ufukweni wakati wa joto, akaongeza ladha moja baada ya nyingine hadi zikafika 28, na hapo akasimama. Namba hiyo ikawa nembo yake.

Kilichompa jina mjini kilikuwa bahati tupu. Mwaka 1929 alifungua mkahawa wa kweli katika jengo la ghorofa kumi katikati ya Quincy. Jengo hilo bado limesimama. Mwaka huo huo meya wa Boston, Malcolm Nichols, alipiga marufuku tamthilia ya Eugene O'Neill iitwayo Strange Interlude, akiiona haina adabu. Waigizaji wakahamia Quincy. Tamthilia ilikuwa ndefu mno, hata watazamaji walilazimika kupewa mapumziko ya kwenda kula chakula cha jioni, na mkahawa wa Johnson ulikuwa hatua chache tu kutoka ukumbini. Matajiri wa Boston wakala, wakarudi kwao wakausimulia. Meya alidhani anawalinda watu na matusi, kumbe anamtangazia mtu biashara bure.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, na benki zikafunga mkono. Mwaka 1935 Johnson akapata njia ya kukua bila fedha zake mwenyewe. Rafiki yake Reginald Sprague alikuwa na kiwanja Orleans, kwenye rasi ya Cape Cod. Wakakubaliana hivi: Sprague ajenge na kuendesha, Johnson ampe jina, mapishi na ramani, na Sprague anunue chakula chake chote kwa Johnson. Siku hizi mpango huo ni wa kawaida hata Nairobi na Dar es Salaam. Wakati ule, kwa mikahawa, ulikuwa bado haujazoeleka.

Fungu la mwisho la makubaliano yale ndilo lenye maana zaidi. Johnson hakuwaamini wapishi wa barabarani, na mimi niliyekula barabarani miaka yote hiyo simlaumu. Alijenga majiko makuu. Huko supu, nyama na aiskrimu vilitayarishwa, vikapimwa, vikagandishwa, vikapakiwa kwenye malori na kusambazwa. Mpishi wa mkahawani kazi yake ilikuwa kupasha moto, kukaanga na kupanga sahani kwa kufuata kitabu cha kanuni ambacho wafanyakazi walikiita Biblia. Mfano mzuri ni kombe wa kukaanga, chakula kilichopendwa mno kule. Watu wa pwani ya Massachusetts humla kombe mzima pamoja na tumbo lake laini, na mgeni wa bara akiliona tumbo lile husukuma sahani mbali. HoJo's ilinunua kwa kampuni ya ndugu wa Soffron, wa Ipswich, nyama ya kombe wa bahari kuu iliyokatwa vipande virefu, bila tumbo. Mtu wa Ohio ambaye hajawahi kuiona bahari akawa anakula kombe bila kuuliza maswali.

Na paa lile halikuwa pambo. Anayeendesha kwa kasi anahitaji kuuona mkahawa mapema, apunguze mwendo, aingie pembeni bila kukanyaga breki kwa nguvu. Rangi ya chungwa huonekana kutoka mbali, katikati ya miti ya kijani na hata juu ya theluji. Nimepita mbele ya hoteli nyingi nzuri kwetu kwa sababu tu vibao vyake niliviona nikiwa nimeshazipita, na lori lenye shehena halirudi nyuma kwa ajili ya chapati.

Mwaka 1940 barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania ilipofunguliwa, Johnson ndiye aliyepewa kuwalisha wasafiri wake. Vita vikaja, petroli ikagawiwa kwa vipimo, magari yakakaa nyumbani. Kufikia mwaka 1944, kati ya mikahawa kama 200 ilibaki 12 tu. Alijinusuru kwa kupika chakula cha wanajeshi na wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Baada ya vita barabara zikajaa tena, mikahawa ikarudi kwa mamia, na mwaka 1954 ikafunguliwa nyumba yake ya kwanza ya kulaza wenye magari, Savannah, jimbo la Georgia.

Sasa nifike penye doa. Ahadi ya HoJo's ilikuwa kwamba popote uingiapo utakuta chakula kile kile na mapokezi yale yale. Oktoba 1957, Komla Agbeli Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana, nchi iliyokuwa na uhuru wa miezi saba tu, aliingia katika mkahawa wa Howard Johnson's huko Dover, jimbo la Delaware. Alikuwa na katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi ambaye baadaye aliishi Dar es Salaam kwa miaka mingi na kusaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Waliagiza maji ya machungwa, bei yake senti 30 kwa glasi. Wakalipa. Wakaambiwa wayachukue wakanywee nje, kwa kuwa weusi hawaruhusiwi kukaa ndani. Gbedemah akatoa kitambulisho chake. Halikubadilika neno. Akawaachia maji yao pamoja na chenji, akatoka.

Mtu huyu alikuwa amemkaribisha Richard Nixon, makamu wa rais wa Marekani, kwake Accra mwaka huo huo. Waandishi walipomfikia, aliwauliza inakuwaje makamu wa rais ale nyumbani kwake Ghana, naye akataliwe katika mkahawa wa njiani Marekani. Ilikuwa majuma machache tu baada ya rais Eisenhower kupeleka wanajeshi Little Rock ili watoto weusi waingie shule, na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Tarehe 10 Oktoba Eisenhower alimwita Gbedemah Ikulu kwa kifungua kinywa, Nixon naye akiwepo. Kampuni ikaomba radhi. Lakini weusi wa Marekani wasiokuwa mawaziri walisubiri zaidi. Mwaka 1962 chama cha kutetea haki za raia, CORE, kiliandaa maandamano ya kuilenga mikahawa hiyo hiyo huko North Carolina, na vijana wakakamatwa kwa kosa la kutaka kukaa mezani. Ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ndiyo iliyofunga mjadala. Wenye kumbukumbu tamu za HoJo's husahau sehemu hii, na sioni kwa nini tuwasaidie kusahau.

Upande wa jikoni, huo ndio ulikuwa wakati wake bora. Mwaka 1960 Jacques Pépin, kijana Mfaransa aliyekuwa Le Pavillon, mkahawa wa kifahari wa New York, alikataa nafasi ya kuwapikia akina Kennedy akaenda HoJo's pamoja na mwenzake Pierre Franey. Alianzia kwenye sahani za kawaida mkahawani, Queens, kisha wakaingia jiko kuu. Wakaondoa majarini wakaweka siagi, wakaondoa vitunguu vya kukaushwa wakaweka vitunguu vibichi. Hapo ndipo ninapowaheshimu watu hawa: mtu wa njiani, asiyekujua na huenda asirudi, unamwekea siagi.

Lakini tangu mwaka 1959 uongozi ulikuwa mikononi mwa mtoto wa Johnson, Howard Brennan Johnson, na mwaka 1961 hisa zikaanza kuuzwa. Mwenye hisa hatazami supu, hutazama gharama. Zikapunguzwa, za chakula na za wahudumu. Mzee alifariki mwaka 1972. Mwaka uliofuata mafuta ya Waarabu yakazuiwa, foleni za petroli zikazunguka mitaa, na biashara iliyotegemea wasafiri ikakosa wasafiri. Wakati huo McDonald's ilikuwa ikimpa mtu chakula kwa dakika mbili, naye akiwa na haraka. Mwaka 1979 familia ilikubali kuiuzia kampuni ya Uingereza, Imperial Group, kwa zaidi ya dola milioni 600. Mwaka 1985 Waingereza wakaiuza kwa Marriott kwa dola milioni 314. Marriott ilitaka viwanja vile vya barabarani kuliko mikahawa yenyewe.

Wengi husema McDonald's ndiyo iliyoiua. Mimi nasema HoJo's ilianza kufa siku ilipoona msafiri hatatambua siagi ikiondolewa. Msafiri hutambua. Halalamiki; hupita tu bila kusimama.

Mkahawa wa Times Square, New York, ulifungwa mwaka 2005. Wa Lake Placid mwaka 2015, wa Bangor, Maine, mwaka 2016. Wa mwisho, Lake George katika jimbo la New York, ulifungwa mwaka 2022. Jina Howard Johnson bado lipo kwenye nyumba za wageni chini ya kampuni ya Wyndham, na ukilala huko usitarajie aiskrimu za ladha 28.